Jina Likiitwa Mara Moja

Jumamosi iliyopita nilikuwa napiga pasi blauzi nyeupe ya binti yangu, nikaona kola imelegea, nikafanya jambo ambalo sijalifanya miaka mingi. Nilikoroga wanga wa muhogo kwenye bakuli, nikainyunyizia kola, nikarudisha pasi juu yake. Mvuke ulipopanda puani ilibidi nikae chini. Pasi ni ya umeme, nyumba ni yetu wenyewe hapa Batsinda, pembeni mwa Kigali, dirisha linatazama ua wa jirani na tangi lake jeusi la maji, wala hakuna hata kitu kimoja kinachofanana na nyumba ya Rwezamenyo nilikokulia. Lakini harufu haina habari na umehamia wapi. Ilinirudisha palepale, nyuma ya nyumba, saa ya kuanua nguo, na masikio yangu yakaanza kazi yao ya utotoni, kusubiri kama nitaitwa.

Binti yangu, Belise, alikuwa ameniuliza swali wiki chache kabla. Tulikuwa tunatoka misa ya Jumapili ya miito, ile ambayo masista na mabruda hupanga meza nje ya kanisa zenye picha za vijana wanaocheka. Aliniuliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari. "Mama, mtu anajuaje kama anaitwa?" Nikamwambia atazame barabara, pikipiki zinapita. Anajua kuwa nikikwepa swali huwa nasingizia pikipiki. Basi hapa nalijibu kwa njia ndefu, na nawaandikia hasa ninyi mliokua wakati mmoja na mimi, mnaokumbuka mji huu ulivyokuwa ukisikika jioni.

Tulihamia Kigali kutoka Karagwe, upande wa Tanzania, nikiwa mkubwa wa kutosha kubeba ndoo lakini si wa kuuliza maswali. Baba alipata kazi ya ofisini Muhima, tukapanga nyumba ndogo uani kwa Mzee Hamisi, fundi cherehani, Rwezamenyo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kamba ya nguo, halafu ua mrefu wa minyaa, ile miti yenye utomvu mweupe, halafu ardhi ikaanza kuteremka kwenda bondeni. Miaka ile ya baada ya mauaji, jioni ilipoingia, Kigali ilikuwa na watu walioita majina ya watu wasiokuwepo. Kulikuwa na mama mmoja kule chini ambaye saa ya chakula alifungua mlango, akawaita wanawe kwa zamu, mkubwa mpaka mdogo, halafu akafunga. Hakuna aliyemcheka, na hakuna aliyetueleza. Sisi watoto tulijifunza tu kuacha kelele mpaka amalize.

Bibi yangu, mama yake baba, aliishi nasi, yeye na sanduku lake la bati. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alisema nasi Kinyarwanda, tukamjibu Kiswahili, na kila upande uliona kuwa wenyewe ndio uliostaarabika. Kitu kimoja alikisema kila siku ni namna yetu ya kuitika. Mtoto wa Kinyarwanda akiitwa na mkubwa wake husema "Karame", anamtakia maisha marefu. Sisi wasichana tuliotoka Karagwe tulisema "Abee", kama tulivyofundishwa shule ya misheni. "Abee ni sauti ya mbuzi," Bibi alisema, na midomo yake ilikuwa karibu kucheka, kisha akageuza uso akatafuta kitu cha kufanya. Nilidhani namtia aibu kweli.

Sheria zake zilikuwa nyingi, nyingine nimezisahau. Moja haijanitoka. Ukisikia jina lako giza linapoingia, na humwoni anayeita, usiitike. Aliye hai ataita tena, kwa sababu anakuhitaji. Mfu huita mara moja tu. Aliisema kwa utulivu, anachambua mchicha, kama anayekuelekeza sokoni, na sisi tuliipokea vivyo hivyo. Hata dada yangu mdogo aliyeogopa panya hakuiogopa sheria hii. Uliitwa, ukanyamaza, ukasubiri kuitwa mara ya pili, basi.

Mimi naitwa Konsolata. Jina nimelirithi kwa shangazi yangu, mdogo wake baba, aliyefia Karagwe kabla sijazaliwa. Habari zake nilizipata vipande vipande, nikiwa chini ya meza au nje ya dirisha, pale Mama alipozungumza na wageni. Aliingia kwa masista. Hakukaa. Alirudi nyumbani, akafa. Mama alizisema siku zote kwa mpangilio huo, haraka haraka, kisha akaongeza mtu chai. Kwa mtoto mpangilio ndio maelezo yenyewe. Shangazi aliitwa, akarudi, kwa hiyo akafa.

Na kulikuwa na kitambaa. Kila Jumamosi Bibi alifungua sanduku la bati, akatoa kitambaa cheupe cha kichwani, kile wanachovaa wasichana walioanza kuishi na masista lakini hawajapewa shela. Hakikuwa kimechafuka, maana hakuna aliyekivaa. Alikifua, akakitia wanga wa muhogo, akakianika. Jioni nilitumwa kukianua, naye akashika pasi ya mkaa akakinyoosha mpaka kikasimama chenyewe, akakikunja, akakirudisha sandukuni. Chumba kizima kilinuka wanga na mkaa. Siku moja nilimuuliza kitambaa ni cha nani. "Cha Konsolata," alisema. Nikajua basi ni changu, kinanisubiri nikue.

Sauti niliisikia mara ya kwanza nikiwa kwenye kamba ya nguo. Muadhini alikuwa amenyamaza, kengele ya kanisa ya jioni ilikuwa bado, na katikati hapo, nyuma ya minyaa, mtu akaita, "Konsolataaa." Mara moja. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, nyembamba, ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Nyumbani mimi naitwa Konso, jina zima husikika siku za ripoti ya shule tu. Niliganda na vibanio vya nguo mdomoni. Sikuitika. Nilisubiri mara ya pili, haikuja, nikajua nimeitwa na mfu.

Niliogopa, lakini nilikuwa na sheria mkononi, na sheria ilifanya kazi. Sauti iliita jioni nyingine, na nyingine, siku zote mara moja. Nilikuwa nabana midomo, nakusanya nguo, naingia ndani. Nilitaka kumwambia Bibi, ila wakati ule yeye hakuwepo. Kila jioni alitoka kwenda kusali rozari kwa majirani wa jumuiya. Ndivyo alivyosema, na hakuna mtu nyumbani ambaye angemchunguza Bibi.

Kisha akaja Sista Emerita akaniharibia sheria yangu. Alikuja kwenye mafundisho ya Kipaimara, mfupi, amevaa viatu vya kiume, na alikuwa na kicheko kama kikohozi. Alituambia habari za wito. Alisema Mungu haiti kwa kukisia, humwita kila mtu kwa jina lake. Mmoja anaitwa kwenye ndoa, mwingine utawani, mwingine aishi peke yake na kutumikia watu, lakini kila mmoja ni kwa jina. "Ukiitwa usijifanye kiziwi," alisema. Alisema na mengine ya maana sana, ambayo nimekuja kuyafahamu nikiwa mtu mzima. Kwamba wito upimwe mchana, siku ambayo huna hofu na huna hasira. Kwamba ujiulize kama unakwenda mahali au unakimbia mahali. Kwamba uongee na mkubwa anayekufahamu na asiyefaidika kwa jibu lako. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza kwenye jina.

Anayeniita nyuma ya minyaa si mfu, nilijiambia, ni Mungu, na mimi namfanyia ukiziwi jioni baada ya jioni, kwa makusudi, na vibanio mdomoni. Na shangazi yangu mwenye jina langu tayari alikuwa amenionyesha mwisho wake.

Sikuthubutu kumuuliza mtu wa kanisani. Nilimuuliza Mzee Hamisi, kwa sababu alikuwa Mwislamu na niliona hana upande katika jambo hili. Alikuwa anapinda suruali ya sare ya shule.

"Mzee Hamisi, Mungu akimwita mtu, anajuaje kama ni yeye?"

Hakuinua macho. "Sisi iko anatuita bote pamoja, na oparleri juu ya musikiti. Mara tano. Hata kiziwi anasikia."

"Na akikuita peke yako?"

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Peke yako? Weye mutoto, umefanya nini?" Alikuwa tayari kucheka, akaniangalia, akaacha. "Konso, sikia. Kama iko muntu anakuita na roho inakuuma, hapana kimbia kujibu. Ambia mama yako kwanza. Mungu iko na subira. Harafu hana safari, atakungoja."

Ulikuwa ushauri mzuri kuliko nilivyostahili. Ningeufuata ningejiepusha na mengi, lakini nani anafuata ushauri wa fundi aliyeshika suruali ya mtu mwingine?

Niliitika Jumamosi. Kitambaa cheupe kilikuwa mkononi mwangu, kigumu kwa wanga, bado kina unyevu pembeni. Sauti ikaita. Nilifunga macho, nikasema, si kwa nguvu, "Abee."

Upande wa pili wa minyaa kitu kikaanguka. Matawi yalivunjika. Kisha nikasikia mtu analia, si kile kilio cha msibani ambacho sote tunakijua, ni cha mtu aliyeziba mdomo kwa mikono miwili. Kikaendelea. Nilisimama pale mpaka kengele ya kanisa ikalia. Nilikuwa nimemliza Mungu. Nilichelewa mno kuitika, sasa analia kwenye majani nyuma ya choo cha Mzee Hamisi.

Nilikimbia ndani. Bibi aliporudi kutoka kwenye rozari yake alikuwa na michirizi ya utomvu mweupe mkononi, nikafikiri amepita njia ya mkato. Alisema kichwa kinamuuma, akalala bila kula. Kitambaa hakukipiga pasi siku ile.

Baada ya hapo nilianza kuaga dunia, kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kuaga. Kamba yangu ya kuruka nilimpa jirani. Niliacha kugombania kiti. Nilisali mpaka magoti yakapata weusi, nikaacha sukari kwenye chai, nikajizoeza kutembea polepole kama watawa. Mama aliona, na kwa sababu alikuwa mama Mkatoliki mwenye binti anayesali bila kusukumwa, alifurahi. Furaha yake ilinitisha kuliko kitu chochote. Nilitaka aseme hapana. Alimwambia paroko, paroko akamwambia Sista Emerita, na siku moja mchana Sista akaja kututembelea.

Aliketi kwenye kiti cha baba. Mama alitoa chai ya maziwa na maandazi, akavaa kitenge cha sherehe. Bibi aliamkia kwa sauti kutoka chumbani akasema anaumwa, hatatoka. Kati yake na sisi kulikuwa na pazia tu.

"Sista, huyu mtoto ameitwa," Mama alisema. "Mwenyewe anasema amesikia kabisa."

Sista Emerita alinigeukia. Hakucheka kikohozi chake. "Konsolata, unapenda maisha ya masista?"

"Sijui."

"Unapenda kusali?"

"Kidogo."

"Unataka kuwa kama nani?"

Nilitazama vidole vyangu.

"Sasa kwa nini unataka kuja kwetu, mwanangu?"

"Nisife," nilisema.

Kikombe cha Mama kilibaki hewani. Nikaona kwamba hawaelewi, nikawasaidia. Nilisema Shangazi aliitwa, akarudi, akafa. Nilisema na mimi nimeitwa jioni nyingi pale nyuma, nikawa naogopa kuitika, na nilipoitika Mungu alilia. Nilisema niko tayari kwenda hata leo, ila naomba niruhusiwe kurudi siku moja moja kumwona Mama. Hapo nikashindwa, nikaanza kulia mwenyewe.

Sista Emerita aliweka kikombe chini, akanivuta kwake, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile. "Anayekuita kwa kukutishia kifo, huyo simfahamu. Huyo si Mungu niliyempa maisha yangu. Usimwitikie tena mpaka tujue ni nani."

Pazia likasogea. Bibi alisimama pale, kanga imefungwa vibaya, mkono umeshika mlango.

"Ni mimi, Sista," alisema. "Anayeita ni mimi."

Nataka kusema kwamba nilifarijika. Sikufarijika. Niliona haya kwa ajili yake, kisha nikahisi baridi, kwa sababu sauti ile nyembamba haikuwa ya bibi yangu, na hata sasa sielewi ilivyotoka kwenye kifua cha mwanamke mzee yule.

Bibi alinishika mkono akanitoa nje, jua bado lipo juu, tukazunguka mwisho wa minyaa. Upande wa pili kulikuwa na mahali majani yamelala kwa kukanyagwa, ukubwa wa nyayo za mtu mmoja, na mbele yake bonde lote. Alinionyesha kama mtu anayeonyesha shamba lake.

"Nasimama hapa," alisema. "Karagwe nilisimama hivi hivi."

Alinieleza pale pale, nami nayaandika kwa Kiswahili ingawa yeye aliyasema kwa Kinyarwanda. Shangazi Konsolata alikuwa anafurahi kwa masista. Hakuna aliyemsukuma. Hata alinenepa, Bibi alisema, na alikuwa anaimba. Halafu babu alifariki, nyumba ikawa kimya, na Bibi akaona kimya kile hakiwezi. Alitembea mpaka kwenye nyumba ya masista. Sista wa mlangoni akamwambia kwa upole asubiri Jumapili ya wageni. Bibi akasema sawa, akatoka, akazunguka nje ya uzio upande wa mabomba ya kufulia, akaita.

"Niliita mara moja tu," alisema. "Akaitika Abee. Akatoka mapovu ya sabuni mikononi, na kitambaa kile kichwani, akanikuta barabarani. Nikamwambia twende nyumbani. Hakunikatalia. Mwanangu hakujua namna ya kunikatalia."

"Halafu akafa," nilisema.

"Alikaa nami msimu mzima. Kisha malaria. Malaria, unasikia? Malaria haiulizi nani ametoka kwa masista na nani hajatoka. Hukufunzwa hivyo nyumbani kwangu, usiseme tena." Alikuwa mkali, nami nikampenda kwa ukali ule. Kisha akashusha sauti. "Lakini Mungu alimwita, na mimi nikamwita, akaniitikia mimi. Niliita kwa nguvu kuliko Mungu. Kila jioni nakuja hapa kumwita nimwambie arudi kule, nimemruhusu. Hajawahi kujibu. Jumamosi ile akajibu."

Nilielewa kidogo tu. Nilielewa kwamba aliyelia alikuwa yeye, na kwamba Abee yangu ilimwingia mahali pabaya. Nikamwambia pole, Bibi. Alinishika kidevu, akanitazama kwa muda, nikaona anatafuta kwangu mahali mimi ninapoanzia na shangazi anapoishia.

"Sitakuita tena jina hilo," alisema. "Nikikuhitaji nitapiga makofi. Ukiitwa jioni kuanzia leo, jua si mimi, na usiharakishe. Mtu akitaka kukuchukua, hata mimi, hata mama yako na chai yake, wewe kaa kwanza."

Alitimiza neno lake. Alipiga makofi, au aligonga kikombe kwa kijiko, au alimtuma dada yangu. Wengine wote walikuwa na majina, mimi nilikuwa na kijiko. Jumamosi alifua kitambaa chake kama kawaida, akakianua mwenyewe. Jioni alibaki ndani na rozari yake, safari hii kweli. Nyuma ya minyaa majani yalisimama tena. Mimi nilikwenda kwenye kamba ya nguo kama zamani, na sitawaficha, nilikuwa nasikiliza. Kukawa kimya tu, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko sauti.

Alianza kuumwa mvua zilipokuja. Hakutaka hospitali. Mchana mmoja alisema tumwinulie mto, na sote tukajua. Alianza kutuita. Alimwita baba kwa jina lake la utoto, ambalo sikuwahi kulisikia, na baba akaingia akapiga magoti akawa mdogo. Alimwita Mama. Alimwita dada yangu, akamwekea mkono kichwani. Alimwita hata Mzee Hamisi, aliyekuja mbio na sentimita ya kupimia ikiwa bado shingoni, akatoka anafuta macho kwa ncha yake. Mimi nilikuwa mlangoni, mkono kwenye pazia. Nilikuwa na Abee yangu tayari. Nilikuwa nimeitengeneza mdomoni, laini, isifanane na ya mbuzi.

Alinitazama. Alikuwa ananiona vizuri, macho yake yalikuwa safi. Mdomo wake ulifunguka, nikaona ulimi unagusa juu kutafuta herufi ya kwanza, kisha akaufunga. Mikono yake ilikuwa juu ya blanketi, hakuwa na nguvu za kupiga makofi. Aliendelea kunitazama. Mtoto niliyefundishwa kwenda nikiitwa, sikuenda. Nilisubiri pale pale mlangoni mpaka Mama akaja kumfumba macho.

Nilimkasirikia. Nyumba nzima ilidhani alinisahau, wakanihurumia, wakanipa kipande kikubwa cha nyama siku ya kuondoa matanga. Mama alikitia wanga kitambaa cheupe kwa mara ya mwisho, wakamzika nacho. Nilimkasirikia mpaka nikawa msichana mkubwa, mpaka siku moja, nimeketi na kijana ambaye sasa ndiye mume wangu, anasubiri jibu langu na hanisukumi, nikakumbuka mdomo ule uliofunguka ukafumbwa. Nililia mpaka kijana wa watu akadhani namkataa.

Sikuitwa tena. Sista Emerita, ambaye alizeeka vizuri, aliwahi kuniambia kwamba kimya nacho ni uhuru, Mungu amekuachia uchague. Nilimwambia yeye hajawahi kusimama mlangoni akisubiri. Alicheka kikohozi chake, hakubisha. Nilichagua, na nimechagua vizuri, nawapenda watu wangu. Lakini hadi leo mtu akiniita mara moja siitiki. Mume wangu amezoea, huita mara mbili. Na jioni nikianua nguo hapa Batsinda, ambapo hakuna minyaa wala bonde la maana, huwa natoa vibanio mdomoni mapema, ili kama ni leo, niwe na nafasi ya kujibu.

Haya yote nilimweleza Belise Jumamosi ile, blauzi ikiwa bado ina joto. Alisikiliza, kisha akauliza tena, kwa sababu ni mtoto wangu, "Sasa mtu anajuaje?"

"Sijui," nilisema. "Nenda ukakae na masista hiyo wiki waliyokualika. Ukiona unaogopa kubaki, usiamue. Ukiona unaogopa kurudi, usiamue pia. Ngoja hofu ichoke, uone kinachobaki."

"Na wewe unataka nini?"

Nilimwambia pasi inaunguza, maana hapa hapakuwa na pikipiki, na pasi yenyewe haikuwa inaunguza kitu.

Aliondoka asubuhi ya Jumapili, na begi dogo, kwenda kwenye wiki ya Njoo Uone kwa masista. Alikataa nimsindikize mpaka kituoni. Nilisimama getini nikimwangalia akipanda mtaa, kola imesimama sawasawa. Nilipogeuka nikaona sweta lake limebaki kwenye kiti. Kule anakokwenda kuna baridi. Nililichukua nikatoka nalo barabarani, alikuwa hajafika mbali, sauti yangu ingemfikia bila shida. Nilivuta pumzi. Jina lake lilikuwa limeshafika kwenye meno, likiwa limepanda kutoka kifuani na sauti nyembamba ambayo si yangu, lakini naifahamu. Nikafunga mdomo.

Kwenye kona aligeuka mwenyewe. Nilimpungia mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa nyuma ya mgongo, umeshika sweta.